Nani Akae Mbele

Mimi ni mfupi. Nalisema mwenyewe kabla hujalisema wewe, maana watu wa kijiji chetu, Kinyangiri, wamelisema tangu niko darasa la pili na hawajachoka. Mke wangu Rahel ni mrefu. Si ule urefu wa kusema amejaliwa kidogo, ni mrefu hasa, wa kuchukua kitu juu ya kabati bila kupanda kigoda. Siku tulipofunga ndoa mpiga picha alimkalisha yeye kwenye kiti, mimi akanisimamisha pembeni, na bado walioitazama ile picha walicheka. Hayo nimeyazoea. Ninayosimulia hapa ni ya siku moja, na hayo sikuweza kuyazoea.

Rahel anafanya biashara ya kuku wa kienyeji. Anazunguka vijijini, ananunua, anawafunga kwenye matenga, anawapeleka Iguguno kwenye mabasi. Miaka yote alikuwa anakodi bodaboda, na bodaboda wa kwetu unawajua: leo mmekubaliana vizuri, kesho amepata abiria wa msiba, kakuacha na kuku wako juani. Kuku wakifa hasara ni yako. Basi akaamua kununua pikipiki yake. Akajifunza kwa kaka yake, akakata leseni. Hela ilikuwa yake, ya kuku, kwa sababu alizeti zangu msimu huo zilikauka shambani na sikuwa na la kuchangia.

Niliunga mkono, tena kwa moyo. Mimi pia naendesha, nilijifunza kwa pikipiki ya Peniel mwenye duka. Kichwani kwangu mambo yalikuwa yameshapangika: pikipiki ni ya nyumba, na pikipiki ya nyumba anaendesha baba. Mama anapanda nyuma, au anaichukua siku ambazo baba yuko shambani. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Sikuona hata haja ya kulizungumza.

Huyo Peniel ndiye aliyeniharibia siku. Duka lake liko njiani kabisa, jirani na mashine ya kusaga, na vijana wa bodaboda wanashinda barazani kwake. Asubuhi tunaondoka kwenda Singida mjini alitangaza mbele ya wote kwamba hawatabanduka hapo mpaka turudi, waone nani kakaa mbele. Wakacheka. Rahel naye akacheka, na hilo ndilo liliniuma. Kwenye basi sikutulia. Nilifungua dirisha, nikafunga, nikafungua tena, mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka kuniangalia.

Dukani mjini muuzaji alinishika mkono mimi. Akanionyesha zile za bodaboda, fupi, ngumu, ambazo kila mtu anazo. Nikapanda moja. Miguu ikakanyaga chini yote, kisigino na vidole, nikashika usukani, nikajiona mtu. Nikamwambia muuzaji tunachukua hii. Rahel akasema naye akae kwanza.

Akakaa. Jamani, ilikuwa kama mama mzima amekalia kiti cha chekechea. Magoti yalipanda juu yakalipita tangi. Muuzaji akamwambia akate usukani mpaka mwisho, akakata kushoto, ukagonga goti ukagoma hapo hapo. Kulia vilevile. Kiatu chake hakikuingia vizuri chini ya gia, ikabidi aupindishe mguu upande kama mtu anayetaka kushuka. Rahel akasema mchanga wa kwetu unataka mtu akate usukani haraka, na kwa magoti hayo ataanguka yeye na kuku wake. Aliyasema bila hasira. Yeye hasira hana, zote nimechukua mimi.

Nikaleta hoja zangu. Nikasema fundi atapandisha usukani juu kidogo, ataongeza sponji kwenye kiti, miguu itapata nafasi. Muuzaji akakubali upesi, maana hao hukubali lolote. Rahel akajibu kwamba sponji inadidimia, mwezi mmoja tu imekuwa chapati, na atabaki na magoti yake kidevuni kila siku, Kinyangiri mpaka Iguguno, na mzigo nyuma. Mgongo wake si wa kukodi, akasema. Nikaanza kuzunguka zunguka mle dukani, nagusa vioo na matairi ambayo sikuwa na haja nayo.

Nilipogeuka, alikuwa ameiona nyingine. Ilikuwa imesimama nyuma kabisa karibu na ukuta, ndefu, tairi zenye meno makubwa, aina ile wanayotembelea mabwana mifugo na watu wa miradi. Ilikuwa imeshatumika. Rahel akapitisha mguu juu yake bila hata kujivuta, akakaa. Mgongo ukanyooka. Magoti yakakaa mahali pake, mikono ikaenda yenyewe kwenye usukani, akakata kushoto, akakata kulia, hakuna kilichogusa kitu. Hakuwa na haraka ya kushuka. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii, viti vyetu vifupi, kitanda kifupi, mlango wa jikoni mfupi, na sijawahi kumwona amekaa kwenye kitu kikamtosha. Nilimwonea furaha na nilichukia, yote kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Nikasema na mimi nijaribu. Nilipanda kwa kuruka. Miguu ikabaki hewani. Nikiilaza pikipiki upande mmoja ncha ya kidole inagusa sakafu, upande wa pili hakuna kitu. Muuzaji alikuwa ameishikilia kwa nyuma nisianguke, na alikuwa anatazama dari. Nilitamani kumzaba kibao.

"Baba Eliana," Rahel akasema, "mimi nachukua hii."

Hakuniuliza. Sisi ni watu wa kuulizana, hata mchicha wa jioni tunaulizana, na siku hiyo hakuniuliza. Alilipa, wakamaliza karatasi zao, akavaa helmeti, akanisubiri nipande nyuma.

Nikapanda, ningefanyaje? Kwa kukaa vile sikuona barabara, niliona mgongo wa koti lake tu. Kwenye lami hakukuwa na taabu sana, hakuna anayetujua, ingawa utingo wa lori moja alitupigia mluzi mpaka akachoka. Na ukweli niuseme, anaendesha vizuri kuliko mimi. Nilikuwa natafuta kosa. Anapunguza mwendo kabla ya tuta, kona anaichukua taratibu, ng'ombe akitokea kando ameshamwona zamani. Mtu mwingine angesinzia kwa raha. Mimi roho ilikuwa juu juu, maana kila kijiji tulichokipita kilikuwa kinanisogeza kwa Peniel. Nilihamia kushoto, nikahamia kulia, nikajikuna, mpaka akapaza sauti akaniambia nitulie, namyumbisha.

Iguguno tukaiacha lami, tukaingia kwenye vumbi na mchanga. Nilijisemea nitajikaza, nitapita barazani nimetazama mbele kama mtu aliyekodi usafiri. Nikajaribu kuipiga picha hiyo kichwani, ikanishinda. Tulipofika kwenye korongo la mwisho kabla ya kijiji nikampiga begani asimame.

"Nipe mimi niingie nayo," nikamwambia.

Alivua helmeti akaniangalia. "Na kusimama je?"

"Sisimami. Napita moja kwa moja mpaka uani. Nikifika naiegemeza kwenye ukuta."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kila aina, mengine makali. Hakubisha. Alisogea nyuma, akaishikilia wima mpaka nikapanda, akajikunja nyuma yangu na miguu yake mirefu. Alivyonipa kimya kimya vile niliona aibu, lakini nilikuwa nimeshapanda.

Nikaiondoa. Sasa pikipiki ikishakuwa mwendoni haijui mrefu wala mfupi, inakwenda tu. Nikayaona mabati ya kwetu, nikaiona mashine ya kusaga, nikaliona baraza la Peniel limejaa watu kama alivyoahidi. Nikatoa kifua. Nikapiga honi. Vijana wakasimama, Peniel akabaki mdomo wazi, na kwa hicho kitambo kifupi nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, sitaki kudanganya.

Kisha nikamwona mkwe.

Mzee Abraham, baba yake Rahel, alikuwa ametoka mashineni na kiroba chake cha unga, amesimama kando ya njia, ameinua mkono kutusimamisha. Sasa wewe niambie. Kwetu ukikutana na mkubwa njiani humpiti na kelele za injini. Unazima, unashuka, unamwamkia. Hapo nasema mkubwa yeyote. Huyu alikuwa baba mkwe, na binti yake mwenyewe yuko nyuma yangu. Nikimpita, habari hiyo ningekula nayo kwenye kila msiba na kila harusi mpaka nizeeke. Kupita siwezi, kusimama siwezi. Mkono ukaamua wenyewe, ukakamata breki.

Injini ikazima. Pikipiki ikaanza kulala upande wa kushoto, upande ule ule wa baraza. Nikanyoosha mguu kutafuta ardhi, nikanyoosha mpaka nyonga ikauma, sikuipata. Nikajua ndiyo basi, naanguka kama gunia mbele ya mkwe wangu, na chuma juu yangu.

Haikuanguka. Ilirudi ikasimama wima, imetulia kabisa. Nikatazama chini. Huku na huku, nyuma kidogo ya miguu yangu inayoning'inia, kulikuwa na miguu ya Rahel, imekanyaga mchanga kwa nyayo nzima. Nilisikia pumzi yake tu nyuma ya shingo yangu.

Watu waliona. Barazani kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake aanze kucheka. Peniel alikuwa ameshaziba mdomo kwa kiganja.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Abraham aliitazama miguu yangu, akaitazama miguu ya binti yake. Si mtu wa maneno mengi. Akaweka kiroba chini, akauliza kwa sauti yake ya kila siku, lakini baraza zima lilisikia. "Hongereni kwa kununua. Sasa hii ni ya nani?"

Majibu nilikuwa nayo tangu asubuhi. Ya nyumbani, baba. Ya kwetu sote. Lolote kati ya hayo lingepita, mzee angeitikia na Rahel asingenipinga mbele za watu, namjua. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya kitu ambacho kingekuwa kimenilalia kama si yeye, kila mtu pale anaona, na ni mimi peke yangu niliyekuwa najifanya sioni. Nilichoka. Ghafla nilichoka kabisa na siku hiyo nzima.

"Ya Rahel, baba," nikasema, kwa nguvu, ili na Peniel asikie. "Kaichagua mwenyewe, kwa hela yake, na yeye ndiye mwendeshaji. Mimi niliomba kuingia nayo tu, na kama unavyoona, hata kushuka siwezi."

Walicheka, bwana. Walicheka mpaka mmoja akashuka barazani akakaa chini. Hata mzee alicheka, mabega yakamtikisika, na mimi nikawaacha wamalize. Rahel hakucheka. Aliinama sikioni kwangu, sauti yake ikiwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia.

"Shuka taratibu, Baba Eliana. Nimekushika."

Nikashuka. Miguu yake haikutoka chini mpaka yangu ilipofika.