Maji ya Kona ya Tatu

Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja, na Rula aliipendea hapo. Katika timu ile ya magari ya mashindano mama huyu alikuwa mhandisi wa vipimo, na mafundi walimpa jina hilo kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele ya macho yake bila kupimwa. Ukimwambia dereva fulani ni mtu wa mvua, yaani maji hayamtishi, atakuuliza: kwa sekunde ngapi?

Siku ile kiti kilikuwa kimoja na madereva walikuwa wawili. Nusu ya mashindano ya msimu ingeangukia miezi ya mvua, kwa hiyo mwenye timu, ambaye wote walimwita Bosi, aliamuru jaribio lifanyike mvua ikinyesha. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, dereva wa ambulensi, aliyezoeleka kwa jina la Sista ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Timu nne zilishamkataa bila hata kumpa ufunguo wa gari. Hii ya tano ikimkataa, ndiyo basi tena. Wa pili alikuwa kijana waliyemwita Risasi, mwepesi wa maneno, mzito wa mguu.

Gari lilikuwa moja. Kila dereva alifungiwa matairi mapya ya mvua na kupewa mizunguko ishirini. Sista alitoka saa tatu asubuhi, Risasi saa nne na nusu. Kipimamvua kilichofungwa juu ya paa la gereji kilionyesha milimita nne kwa saa, tangu mwanzo wa jaribio hadi mwisho wake. Wastani wa Sista ulikuwa sekunde 118.6 kwa mzunguko. Wa Risasi, 117.8. Rula aliandika kwamba hali ya hewa ilikuwa sawa kwa wote wawili, kwamba dereva wa pili ana kasi zaidi kwenye maji, na kwamba apewe kiti. Saa saba kasorobo ripoti ilikuwa mezani kwa Bosi. Saa saba kamili Bosi alikwisha kumwita Risasi ofisini na kumpa mkono.

Sista alikuwa hajaambiwa. Alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni, akingoja.

Rula alikuwa anakunja nyaya za kompyuta wakati fundi wa matairi alipoingia gereji. Alikuwa mume wa dada yake, na mzaha kati yao haukuwa na likizo. Mchana huo alikuwa na matope mpaka magotini.

"Shemeji, nasikia Risasi kapata."

"Vipimo ndivyo vilivyosema."

"Na kona ya tatu vimesemaje?"

"Kona ya tatu ina nini?"

Fundi alivua koti la mvua, akalitundika taratibu kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Asubuhi pale palikuwa na bwawa. Mtaro uliziba kwa majani na tope, maji yakalala barabarani kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikuwa nimesimama pale na kibendera. Dada wa watu alilipita bwawa lile mara ishirini."

"Na Risasi?"

"Risasi hakulikuta." Alijikuna shingo. "Nilimhurumia, shemeji. Nikajiambia, huyu mtoto na mguu wake ule ataruka mpaka kwa majirani. Dada alipomaliza, nikachukua beleshi nikauzibua mtaro. Kufika saa nne na nusu pamebaki unyevu tu."

Rula aliacha nyaya. "Mvua ilikuwa ileile. Milimita nne."

"Ndani ya kopo lako, sawa. Lakini gari halikukimbia ndani ya kopo."

Hakucheka, na Rula naye hakucheka. Alifungua tena kompyuta na kuitazama kona ya tatu peke yake, jambo ambalo asubuhi hakulifanya kwa kuwa wastani ulimtosha. Pale tu, Sista alikuwa amepoteza sekunde moja na nusu kila mzunguko. Kwingineko kote alikuwa mbele ya Risasi. Mstari wa usukani wake kwenye skrini ulikuwa umenyooka kama uzi. Wa Risasi ulikuwa na meno ya msumeno.

Alikuwa amepima mvua inayoanguka, akasahau maji yaliyolala. Kosa kama hilo mtu asiyejua vipimo asingeweza kulifanya. Angetazama barabara tu.

"Kwa nini hukuniambia mapema?" aliuliza.

"Ungeniuliza ni sekunde ngapi," fundi alijibu. "Na hiyo mimi sikuwa nayo."

Rula alimtazama shemeji yake na matope yake, mtu ambaye angeweza kwenda kula akanyamaza, na hakuna ambaye angejua. "Ahsante," alisema. "Kwa dhati kabisa."

"Haya, haya. Usinitie aibu mbele ya matairi."

Bosi hakufurahi. Alisoma karatasi mpya kwa sauti, bwawa na beleshi vyote, akaivua miwani, akaivaa tena. Risasi alikuwa bado mle ofisini, kaketi upande mmoja wa kiti, simu mkononi.

"Miaka sita hujawahi kubadilisha tarakimu," Bosi alisema.

"Tarakimu hazijabadilika. Nilizisoma vibaya. Kosa ni langu."

"Nimeshampa kijana mkono. Neno langu nalirudishaje?"

Risasi aliweka simu mezani.

"Bwawa lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Fundi anasema lilifika juu ya soli za gambuti zake," Rula alisema.

"Basi zibeni tena."

"Nini?" Bosi aliuliza.

"Uzibeni huo mtaro, maji yajae, niingie na mimi. Nikimshinda, nimemshinda. Lakini nikibaki na kiti hivi hivi, huyu fundi na mdomo wake atanitangaza mpaka kwa wauza mitumba kwamba nilifagiliwa njia." Alijaribu kucheka. "Bosi, neno lako nakurudishia mwenyewe. Nipe gari."

Hakuna aliyemlazimisha. Rula alilitambua jambo hilo wazi, kama anavyotambua kipimo sahihi, na alijua kwamba hakustahili bahati ile.

Sista aliitwa, akaelezwa yote mbele ya watu wote. Alikwenda na fundi hadi kona ya tatu, akamwonyesha kwa mkono maji yalikofika asubuhi, na fundi akarudisha tope alilolitoa kwa beleshi lilelile, akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kufanya kazi na kuifuta siku hiyohiyo. Ilichukua karibu saa nzima maji kujaa. Rula aliyapima katika sehemu tano, akiwa amechuchumaa mvuani. Akapima pia mvua. Akaandika kwamba Risasi sasa ana faida moja: ameshaizoea barabara kwa mizunguko ishirini.

Mizunguko miwili ya kwanza Risasi alipita vizuri. Wa tatu aligusa breki ndani ya maji, gari likazunguka kama pia na kusimama likitazama lilikotoka. Alilinyoosha, akaendelea. Mzunguko wa tisa gari likazunguka tena. Baada ya hapo alikuwa akiikaribia kona ile kama mtu anayepita kwenye chumba cha mtoto aliyelala. Rula aliiondoa mizunguko miwili iliyoharibika, akahesabu kumi na minane iliyobaki: sekunde 120.9.

Risasi alishuka garini. Alikwenda moja kwa moja kwa Sista.

"Dada yangu, niambie ukweli. Pale ulipitaje mara ishirini?"

"Naondoa mguu kabla ya maji, sio ndani yake," Sista alisema. "Nikishaingia, sigusi kitu. Miaka kumi na moja nina mgonjwa nyuma. Nikikosea, napigiwa kelele papo hapo."

"Mimi nyuma sina mtu."

"Tutakutafutia mmoja."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Bosi alitabasamu, akampa Sista mkono, kisha akamgeukia Risasi na kumwambia kwamba timu itahitaji dereva wa akiba, na kwamba mtu anayeomba kuzibiwa mtaro angependa kuwa naye. Risasi aliuliza kama dereva wa akiba anapewa ovaroli yenye jina. Akaambiwa anapewa.

Watu walipotawanyika, Rula alimfuata Sista kwenye benchi lake. Angeweza kuliacha jambo lilivyo, kwa kuwa lilikuwa limekwisha sawa. Lakini alitaka Sista alisikie kutoka kinywani mwake yeye mwenyewe.

"Saa saba nilikuwa nimeshaandika ukataliwe," alisema. "Na niliamini nilichoandika. Nakuomba radhi."

Sista alikuwa akifungua kamba za viatu. Aliacha.

"Unajua ningefanya nini?" alisema. "Ningekukubalia. Timu zile nne hazikunipima, kwa hiyo sikuziamini. Lakini wewe ulinipima. Ningerudi kwenye ambulensi nikijua kabisa kwamba kwenye mvua sifai, na wagonjwa wangu wangebebwa na mtu anayejishuku." Alimshika Rula mkono, mkono wake ukiwa bado baridi. "Ahsante kwa kurudi mezani kwa Bosi. Wengi wangeogopa."

"Mshukuru fundi. Na yule kijana."

"Nitawashukuru. Sasa hivi nakushukuru wewe, mama. Pokea."

Rula alipokea. Sista akatoa simu, akampigia mume wake, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa jina la timu.