Hewa ya Mke Mwenzangu

Mimi na mume wangu tulipewa siku moja tu ya kuinusuru nyumba yetu, na siku hiyo yote tukaitumia kuiharibu.

Chanzo ni mjukuu wetu wa kwanza, wa miezi saba. Mimi humwita mke mwenzangu, maana akishamwona babu yake mimi hanijui tena. Likizo ya uzazi ya binti yangu ilikuwa inakwisha na tulishakubaliana kwamba mtoto atashinda kwangu. Kitanda kidogo kipo, shuka za vipepeo nimeshona mwenyewe. Usingizi wake nao haukuwa na taabu: babu yake akiingia kuoga na kuanza kuimba, mtoto huyo chali, macho yamefumba. Lakini kila alipolala kwetu alirudi kwao kifua kinakoroma kama birika linalokaribia kuchemka. Daktari akauliza nyumba ya bibi ikoje. Ikoje! Nyumba yangu mimi! Nilitamani nimfuate hukohuko hospitali.

"Mama, usipandishe hasira," binti yangu akaniambia kwenye simu. "Daktari anahisi kuna kuvu humo ndani. Nimempata mkaguzi, kesho asubuhi anakuja kupima hewa. Akisema ni salama, Jumatatu namleta."

"Na akisema si salama?"

"Basi atashinda kwa bibi yake mwingine."

Bibi mwingine! Yule mama mkwe wake mwenye vigae mpaka jikoni, anayecheka kwa kutumia pua. Nilikata simu bila hata kuaga.

"Mzee!" nikaita. "Kesho tuna mgeni!"

Hapo ndipo tulipoharibu. Mimi sijui kumpokea mgeni katika nyumba chafu, awe mkaguzi, awe nani. Tulimwaga maji ndoo kwa ndoo, tukasugua sakafu, tukasugua kuta. Mapazia nikafua nikayarudisha dirishani yakiwa bado yanadondosha maji. Foronya za makochi nazo, vilevile. Mzee akapanda juu ya stuli akapaka rangi nyeupe kwenye madoadoa meusi ya pembe ya chumbani, yale tuliyokuwa tukiyaita kivuli. Kisha tukafunga madirisha yote, vumbi lisituaibishe. Asubuhi nikapuliza marashi mpaka kopo likakohoa, tukakaa sebuleni kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja mfupi, wa buti na begi la vifaa. Alivuka kizingiti, akapiga chafya. Akapiga nyingine. Akatoa barakoa.

"Pole mwanangu, una mafua?"

"Nilipokuwa nje sikuwa nayo, Mama."

Akatoa kidude cha kupimia unyevu, akakiinua juu. Namba zikaanza kupanda, zikapanda, mwisho kidude chenyewe kikaanza kupiga kelele. Akakitingisha. Kikazidi.

"Mama, samahani. Hii ndiyo hali ya humu ndani kila siku?"

"Kila siku!" nikajibu, kichwa juu. "Tena leo hatujajitayarisha sana."

"Kila siku hewa ina maji namna hii? Basi mngefuga samaki."

Mzee akaangua kicheko, msaliti mkubwa. 

"Tulifua," nikasema taratibu.

"Mlifua nini?"

"Nyumba."

Alijaribu kujizuia, maskini, lakini mabega yalishaanza kutikisika. Alicheka mpaka chumbani, akaegemea ukuta apate kupumua, na mkono wake ukatoka mweupe pe.

"Na hii je?"

"Hiyo rangi ni ya siku nyingi," Mzee akasema, huku brashi inachungulia mfukoni mwake.

Basi, nani angeweza kuvumilia? Tulicheka wote watatu, tukafungua madirisha, tukatoa mapazia nje, na nyumba ikaanza kupumua. Nikadhani shari imepita. Lakini yule dada alikuwa bado anatembeza kidude chake ukutani, na kilipofika kwenye kabati la nguo kikalia upya.

"Tulisogeze," akasema.

Kabati lile halikuwahi kusogezwa tangu liingie. Tulisukuma, tukavuta, Mzee akalalamikia mgongo. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, una manyoya, eneo la godoro zima. Harufu yake ilinifika kooni. Na kitanda kidogo chenye vipepeo kilikuwa kimeegeshwa palepale, ubavuni mwa kabati.

Kicheko kikaniishia. Niliketi kitandani nikalia, sikuona haya. Mtoto wa watu nimemlaza kwenye uchafu ule, nikamfunika vizuri, nikambusu.

"Mpigie binti yangu," nikamwambia. "Mwambie ampeleke kwa yule wa vigae."

"Subiri kwanza, Mama. Kuvu haioti bila maji. Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Bafu."

Tukaingia bafuni. Dirisha ni dogo, halifunguki, na juu yake kulikuwa na tundu la hewa. Nasema kulikuwa, kwa sababu dada alipopanda kwenye stuli na kuligonga, halikugongeka. Lilizama ndani, laini. Akachokoa kwa bisibisi. Ukatoka mto wa kochi langu! Mto niliouomboleza miaka, nikamshuku kila mgeni aliyewahi kuukalia. Umekunjwa, umefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na kwa juu umepakwa rangi nyeupe. Unatiririka maji.

"Mvuke wote wa maji ya moto unakosa pa kutokea," mkaguzi akasema, "unaingia ukutani. Nani aliziba hapa?"

Mzee aliangalia dari kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mbu," akasema.

"Mzee, mbu gani anazibiwa kwa mto wa kochi?" Damu ilikuwa inanichemka.

Akajikuna shingo. "Ni jirani."

Jirani yetu ni mwalimu wa kwaya mstaafu, bafu letu linatazamana na uwanja wake. Kumbe siku moja, wakati mume wangu amefika katikati ya wimbo na povu mwili mzima, mwalimu alipaza sauti kutoka upande wa pili: "Jirani! Mbuzi wako anaumwa?" Hatujawahi kufuga mbuzi. Mume wangu alimaliza kuoga kimya, na siku ya pili mto ukapotea. Nilitaka kumpiga nao, nilitaka kumkumbatia, na mbavu zilikuwa zinanivunjika. Yule dada alilazimika kutoka nje.

Aliporudi alikuwa mkali. Plasta yenye kuvu ikwanguliwe yote na fundi aliyevaa barakoa, ukuta ukauke, kabati likae mbali na ukuta. Madirisha wazi kila asubuhi, marashi basi, na rangi isiguse kitu mpaka aseme yeye. "Na tundu hili libaki wazi," akamwambia Mzee, kidole kimemwelekea. "Likizibwa tena, yote yatarudi. Mtoto naye atarudi alikotoka."

Kwa hiyo mke mwenzangu alianzia kwenye vigae. Nilivumilia. Fundi akakwangua, upepo ukaingia, ukuta ukakauka. Mzee akawa anaoga bila kutoa hata sauti ya kujikohoza, akitoka bafuni unadhani ametoka kuzika. Mkaguzi alirudi, akainua kidude chake, na safari hii kikanyamaza. Akampigia binti yangu mbele yangu.

Jumatatu iliyofuata mtoto akaletwa. Alicheza, alishiba, na mchana usingizi ulipomjia akakataa kulala. Nilimbeba mgongoni, nikambembeleza, nikaimba mimi, akazidi kulia. Alikuwa akitazama mlango wa bafu. Mzee aliinuka, akachukua taulo, akaingia kama mtu anayeitwa polisi.

Maji yakafunguliwa. Sauti ikaanza ndogo, ikatetemeka, ikapotoka palepale inapopotoka siku zote. Mtoto akanyamaza kusikiliza. Na tundu likafanya kazi yake, maana kutoka uwanjani ikasikika:

"Jirani! Kumbe yule mbuzi bado yupo?"

Wimbo ukakatika. Mtoto akafungua mdomo kulia. 

"Yupo!" mume wangu akapiga ukelele kutoka kwenye povu. "Na sasa ana mjukuu!"

Akaendelea, kwa nguvu, ubeti mzima bila noti hata moja iliyo mahali pake. Jirani akacheka, kisha nikasikia anapiga makofi kumshikia mapigo. Mke mwenzangu alilegea mgongoni kwangu. Nikamlaza kwenye vipepeo vyake, nikainama, nikaweka sikio kifuani. Birika halikuwepo. Ilikuwa hewa tu, inaingia, inatoka.