Watani Waliotoka Mtoni

Mto Ruvuma unapokaribia bahari, maji yake ni ya kubahatisha. Bahari ikijaa yanakuwa chumvi, ikikupwa yananyweka. Kwa hiyo wanawake wa kijiji cha Mkunjo hawachoti maji saa wanayotaka wao, wanachota saa inayotaka bahari, na majuma yale bahari ilikuwa ikikupwa alfajiri. Mamba nao wanalijua hilo. Carlota, aliyezaliwa ng'ambo upande wa Msumbiji akaolewa huku, alikuwa anakoroga uji aliposikia yowe. Irene, binti yake mkubwa, alikuwa ameinama na ndoo pale mtoni, mamba akamchukua. Ndoo ililetwa nyumbani. Irene hakuletwa.

Na bomba lilikuwepo! Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu anatakiwa akasirike. Bomba la maji safi lilitoka kisima cha juu, likapita nyuma ya choo cha Carlota, likaenda moja kwa moja hadi kambi ya watalii iliyoko ukingoni. Huko wageni huamshwa mapema, wakapewa kahawa, wakakaa kwenye viti kuangalia wanyama wakitoka mikokoni jua likichomoza. Wakishachoka kuangalia, wanaogelea kwenye bwawa lao. Kijijini hapakuwekwa hata koki moja. Pascal, mwenyekiti wa kijiji, alipoulizwa alijibu kwamba suala hilo liko mezani. Meza gani hiyo isiyojaa, hakusema.

Msiba ukawekwa kwa Carlota. Mwili haukuwepo, na watani hawakuwepo, na la pili lilikuwa karibu baya kama la kwanza. Kusini huku msiba bila watani haumaliziki. Mtani ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayemwigiza marehemu na kumkashifu mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Akitaka kuku anamkamata, haombi. Na mtani hakasirikiwi, wala hashtakiwi kwa alichochukua. Watani wa ukoo wa Carlota walibaki ng'ambo, na kwa vurugu za huko hakuna aliyethubutu kuvuka.

Basi asubuhi moja, mbingu zikianza kuwa nyekundu, wanyama wakatoka mikokoni. Hawakwenda upande wa kambi. Walishika njia ya wachota maji, mmoja nyuma ya mwingine: mbele kiboko mzee mwenye kovu puani, kisha ngiri, kisha pongo, kisha kima na watoto wao migongoni. Mwisho alikuja mamba. Alikuwa amembeba Irene, kamfunika vizuri kwa kanga yake mwenyewe. Walipofika mwisho wa uwanja walisimama wakapiga hodi. Theresia, jirani wa Carlota, aliwahesabu kwa macho akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.

"Poleni, wafiwa," alisema kiboko.

"Tumeshapoa. Karibuni," alijibu Theresia.

"Tukaribie kama nani? Wageni, au watani? Mtuambie kabisa, tusije tukakosea."

Carlota aliitazama ile kanga. Alitaka mtoto wake azikwe, basi. Angeweza kusema wageni. Angeweza kusema wauaji, na hilo ndilo lingekuwa jina lao.

"Kama watani," alisema.

Wanyama wakapumua, wakatawanyika kazini. Ngiri hawakuonyeshwa makaburini, walikwenda wenyewe, wakachimba mpaka Josephu, mwanakijiji aliyekuja na jembe lake, akakaa chini kuwaangalia. Kima wakampokonya Theresia mwiko. Pongo alidai uraka, pombe ya mabibo, akapewa, akasema ni mchungu, akaomba tena. Mamba alimlaza Irene mkekani akarudi nyuma kwa adabu, wanawake wakampokea na kumwosha. Hakuna aliyemuuliza mamba chochote. Utamuuliza nini? Mtani.

Baada ya kuzika ukaanza utani wenyewe. Kima mmoja jike alijitwika ndoo ya Irene akatembea uwanjani, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, shingo imenyooka. Alikuwa Irene mtupu. Watu walishika midomo. Ngiri mmoja akajinyoosha chini kwa urefu wake wote, akawa bomba.

"Kaka bomba, nigawie maji," alisema kima.

"Mimi napita tu, dada."

Watu wakacheka. Kiboko akaenda akakikalia kiti cha plastiki cha mwenyekiti, kiti kikavunjika, akabaki amekaa pale pale chini na kusema kwa sauti ya Pascal: "Suala liko mezani, ndugu wananchi." Mamba akafungua kinywa polepole. Kima akaingiza kichwa humo, na ndoo yake.

Loo, walicheka! Josephu alilia kwa kucheka. Pascal ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipiga mapaja, akasema watani wa aina hii hajawahi kuwaona tangu azaliwe. Carlota hakucheka. Alikuwa anasubiri mtu mmoja tu aache kucheka, aulize: kwani si kweli? Hakuna aliyeuliza.

Kule kambini, wakati huo, watalii walikuwa wameangalia mchanga mtupu mpaka kahawa ikapoa. Simu ikapigwa mjini. Irene alipochukuliwa, Theresia naye alipiga simu, akaambiwa gari halina mafuta na barabara ni mbovu. Sasa gari lilikuwa na mafuta, na barabara ilipitika vizuri kabisa. Kabla ya ugali kupakuliwa walikuwa wamefika: Fredi, afisa wa wanyamapori, na mhandisi wa maji aliyekuwa ameomba lifti tu ili akatengeneze bwawa la kambi.

"Wanyama wako wapi?" aliuliza Fredi.

"Wako msibani."

Fredi alitazama, akaona ni kweli. Akavua kofia, akatoa pole, akawaomba wanyama kesho wawahi kwenye nafasi zao kwa sababu wageni wametoka mbali. Kiboko alisema hakuna shida, ugali kwanza.

Carlota akasimama.

"Mhandisi, mwanangu kaliwa akifuata maji. Bomba lile pale, unaliona. Naomba koki kabla hajaliwa mwingine. Na hawa wameeleza kila kitu hapa, mbele ya watu wote."

Mhandisi akamtazama Pascal.

"Mama Odete," alisema Pascal kwa upole, "yale yalikuwa utani. Utani haupelekwi ofisini. Halafu huyu mamba umempokea mwenyewe, kama nani?"

Pascal akamnyooshea mamba kidole.

"Si umesema mtani? Basi mtani akichukua, kachukua. Hashtakiwi. Mila zetu wenyewe hizo, mama, sijazitunga mimi."

Wazee walitazama chini, kwa sababu mila ndivyo zilivyo. Mhandisi alipata nafuu usoni. Alisema kama ndani ya kijiji wenyewe wameelewana, basi kwa upande wa ofisi yake hakuna tatizo. Akanawa mikono, akala, akausifu sana mchicha wa porini.

Mama Odete! Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na jina lake walishalibadilisha, wakampa la mtoto aliyebaki.

"Mimi ni Mama Irene," alisema Carlota. "Na wewe Pascal ni muuaji. Na wewe mhandisi unayeramba vidole, muuaji. Na hawa wote waliokula kwangu leo, wauaji!"

"Uchungu huo," watu waliambiana. "Mwacheni apumzike." Wanyama waliaga mmoja mmoja, kila mmoja kwa adabu zake.

Kesho yake wanyama walitoka mikokoni mbele ya kambi, kwenye mwanga mzuri, na watalii wakawapigia makofi. Bahari ikakupwa. Nyumbani hapakuwa na maji hata ya kunawa uso. Odete akachukua ndoo, na mama yake akachukua panga akamfuata.

Mamba alikuwa ameshatangulia. Alitoa kichwa majini, kikang'aa kwa jua.

"Odete, mbona umekonda hivyo?" alisema. "Kula bwana, usinitie aibu."

Mtani akikutania unamjibu, la sivyo unaonekana huna malezi.

"Kanuke mdomo wako huko," alijibu Odete.

Mamba alicheka sana. Akasogea kidogo. Carlota akaingia majini mpaka magotini, akasimama kati yao, panga kalishika kwa mikono miwili.

"Chota," alimwambia mwanawe. "Chota upesi."