Anayeimba ni Jike

Xinia Barrantes alikuwa amemshika ndege mdogo wa kahawia mkononi. Muda mfupi kabla ya kunaswa wavuni, ndege huyo alikuwa kichakani akiimba kwa sauti ya kuziba masikio. Sote watatu tulimwona.

"Dume," alisema Don Evelio, profesa wetu, huku akipuliza kahawa yake. "Andika, Ligia."

Sikuandika. Tulikuwa wanafunzi wake wawili pale kituoni, msituni Sarapiquí, na tangu mvua zianze Xinia alikuwa akimsumbua kwa swali moja: unajuaje kwamba ni dume? Kwa sababu anaimba. Na nani kasema waimbaji wote ni madume? Rekodi zetu, binti. Rekodi hizo alizijaza yeye mwenyewe, bila kumpima hata ndege mmoja kujua jinsia yake.

"Hebu mguse tumboni, Don Evelio," Xinia alisema. "Taratibu."

Akamgusa. Uso ukambadilika. Chini ya ile ngozi nyembamba palikuwa na yai gumu, karibu kutagwa.

Kisha akacheka. "Basi huyu ana kasoro. Homoni zimemvuruga. Hata kwa wanadamu wapo wanawake wa kupiga kelele."

"Wapo. Unaongea na mmoja wao. Ligia, andika: jike, ana yai, alikuwa akiimba."

"Ukiandika hivyo, nyote wawili mtafute msimamizi mwingine."

Niliandika. Xinia akafungua kiganja, ndege akatoka kasi.

Kesho yake tulipanda basi na mabegi yetu. Tulihangaika mpaka mama mmoja, profesa wa chuo kingine, akatupokea, tukarudi msituni, safari hii tukimpima kila mwimbaji. Majike waliimba. Waliimba peke yao, waliimba na wenzi wao, waliimba wakimfukuza jirani.

Tulipoyasoma matokeo mkutanoni San José, Don Evelio alisimama. "Bila shaka jike anamjibu tu mumewe."

"Mara nyingi jike ndiye anayeanza," alisema Xinia. "Mume ndiye anayejibu. Akichelewa, jike anaendelea bila yeye."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Don Evelio alikaa, mwekundu hadi masikioni.

Alistaafu bila kukubali. Kitabu chake cha ndege bado kimo maktabani, na Xinia akikikuta mahali popote hutoa kalamu, akaandika pembeni, palipoandikwa dume: Ulimpima?