Giaboksi ya Mzee Rivasi

Mara ya tatu gari la baba mkwe lilipojirudisha uani, lilirudi limejifunika shuka. Lilikuwa likipanda kinyumenyume ule mwinuko mfupi wa kutokea getini, likafika nusu, likanguruma bila kwenda, kisha likateremka taratibu mpaka kwenye kamba ya nguo za mama mkwe. Hapo likasimama, shuka la maua limelala juu ya kioo cha mbele, na baba mkwe yumo ndani, mikono kwenye usukani, ametulia kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Mke wangu aliponisimulia nilicheka hadi spana ikaniponyoka. Yeye hakucheka.

"Kaka anakuja Jumamosi kuchukua ufunguo," akasema. "Gari umelipima mara mbili, ukasema zima. Kama gari ni zima, basi mbovu ni baba."

Hapo hata mimi kicheko kiliniisha.

Baba mkwe aliendesha malori miaka thelathini na minane. Madereva wenzake walimwita Mzee Rivasi, kwa sababu aliweza kurudisha nyuma lori pamoja na tela lake katika ghala ambalo wengine wangesita kuliingia hata kwa baiskeli. Sasa amestaafu na ana kigari kidogo cheupe. Anampeleka mama mkwe sokoni, anawapeleka majirani hospitali, anawapeleka hata wasioomba kupelekwa. Kumnyang'anya mtu wa namna hiyo ufunguo si kumpunguzia safari, ni kumvua jina. Na habari kwamba Mzee Rivasi ameshindwa kurudi rivasi kwenye ua wake mwenyewe ingefika mbali kuliko lori lolote aliloliendesha.

Mimi ni fundi wa magari, na giaboksi ya kigari hicho ni ya aina inayowatoa jasho mafundi wengi. Ndani ni giaboksi ya kawaida, yenye gia zake na klachi yake, ila pedali ya klachi haipo. Badala yake kuna mtambo mdogo unaokanyaga klachi na kubadili gia kwa niaba ya dereva, na kompyuta inayouamuru. Ni sawa na kumwajiri mtu akukanyagie: siku akiwa na furaha utamsifu, siku akinuna hutajua umemkosea nini. Akinuna, gia inachomoka, herufi N inawaka kwenye dashibodi, nawe unabaki unakanyaga mafuta na hakuna unakokwenda.

Nilikuwa nimefanya yote yanayofanywa. Nilipima betri, maana umeme ukipungua kidogo tu kompyuta hizi huchanganyikiwa hata kabla taa hazijafifia. Nilikagua swichi ya breki, kwa kuwa kompyuta isipojua kwamba umekanyaga breki haikubali kuingiza gia. Nikatazama mafuta ya mtambo, nikafungua waya wa hasi na kuusugua mpaka ukang'aa, nikaifundisha klachi upya mahali pa kushikia. Mwisho nikaunganisha mashine ya kupimia. Hakuna kosa hata moja lililoandikwa humo. Nikalichukua mwenyewe barabarani, mbele na nyuma, mlimani na bondeni, likaenda bila hata kukohoa.

Kosa langu lilikuwa hapo, kwenye kulichukua mwenyewe. Katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kukaa kiti cha mbele pamoja na baba mkwe. Haya yangu kwa mzee yule ilikuwa imepita kiasi. Akiingia nasimama, akisema naitika, akinitazama mimi natazama zulia lake, na zulia lile nalijua vizuri kuliko ninavyoijua sura yake. Gari likisumbua napokea ufunguo kwa mikono miwili na kuondoka peke yangu. Kumwambia mkwe wangu "hebu endesha nikuone" kwangu kulikuwa sawa na kumwambia avue shati. Naye, kwa kuniheshimu, hakuwahi kuomba twende wote.

Ijumaa nikafunga gereji mapema nikaenda kwake. Nakiri kwamba njiani nilifikiria kudanganya. Ningebadilisha kifaa kimoja, chochote kile, nikamwonyesha shemeji kile cha zamani na kusema mchawi ndiye huyu. Mzee angebaki na ufunguo wake na mimi na sifa zangu. Lakini lile gari lingeendelea kupanda na kuteremka mwinuko ule, na siku moja kwenye kamba ya nguo angekuwapo mwanangu akimsaidia bibi yake kuanua. Nilipofika getini nilikuwa nimeshaufukuza uongo huo, ila ukweli wa kuuweka mahali pake sikuwa nao.

Nikakaa sebuleni, nikimsubiri avae viatu. Labda kwa sababu ya wasiwasi, siku hiyo sikulitazama zulia. Niliinua macho ukutani, nikaiona picha ambayo nimekaa chini yake miaka yote hiyo bila kuitazama sawasawa. Kijana mwembamba yumo katika lori kubwa, mlango wa dereva uko wazi, mkono mmoja umeshika usukani, na kiwiliwili chote amekitoa nje akitazama nyuma. Anacheka. Nikajikuta nampenda yule kijana, na hofu yangu ikapungua kidogo.

"Baba," nikasema alipotokea, na sauti ilinitoka nyembamba, "leo naomba uendeshe wewe. Mimi nitakaa pembeni."

Akanikazia macho. "Unataka kulipima gari au kunipima mimi?"

"Vyote viwili, baba. Unisamehe."

Akacheka kwa pua. "Afadhali wewe umesema. Mwanangu yeye anamwambia mama yake kwa sauti ili mimi nisikie."

Tukaingia. Mkanda hakuufunga. Aliniambia huufunga akishafika barabarani. Akakanyaga breki, akawasha, akaingiza rivasi, herufi R ikawaka. Akaachia breki, akakanyaga mafuta kidogo, na gari likaanza kupanda kinyumenyume vizuri kabisa. Halafu, kwa wepesi wa mtu anayejipangusa jasho, akafungua mlango wake, akatoa kichwa na bega nje, akatazama nyuma.

Haikupita hata sekunde mbili. Gari likalia mlio mfupi, R ikazimika, N ikawaka. Injini ikanguruma bure, nasi tukaanza kuteremka kuelekea kwenye nguo.

"Breki, baba! Breki!"

Sikuwahi kumpigia mzee yule kelele maishani. Akakanyaga, tukasimama hatua mbili kutoka kwenye soksi.

"Umeona?" akasema, uso umejaa ushindi. "Si niliwaambia?"

Nilikuwa nimeona. Na nyuma ya yale niliyoyaona niliona pia ile picha ya ukutani, jibu lililoning'inia juu ya kichwa changu miaka kumi na moja huku mimi nikihesabu maua ya zulia.

"Baba, gari hili limeundwa kwa tahadhari," nikamwambia. "Mlango wa dereva ukifunguliwa na breki haijakanyagwa, linadhani dereva ameshuka. Linaachia gia ili lisije likaondoka bila mtu."

"Linadhani nimeshuka?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi?" Akajigusa kifuani. "Miaka thelathini na minane nimekaa kwenye usukani, hata chakula nilikuwa naletewa dirishani. Leo kigari cha juzi kinadhani nimeshuka!"

Akacheka mpaka akaibonyeza honi bila kukusudia, na mimi nikacheka naye, kwa sauti, mbele yake. Ndiyo maana mashine yangu haikuona kitu. Kwa kompyuta lile halikuwa kosa hata kidogo, zilikuwa ni adabu zake. Adabu zake na adabu zangu zilikuwa zimeshirikiana kumtesa mzee wa watu.

"Basi imekwisha," nikasema. "Funga mlango tu, utazame kwenye vioo."

Kicheko chake kikakatika. Alitazama mbele, kwenye soksi.

"Shingo haigeuki," akasema. "Tangu mwaka juzi. Kushoto kidogo, kulia ndiyo haiendi kabisa. Na hivi vioo ni vya kupakia wanja, vinanionyesha sikio langu. Nikitoa mwili mzima ndiyo naona." Akapapasa usukani. "Usimwambie mke wako."

Nilitaka kumwitikia kama nilivyozoea, ndiyo baba, sawa baba, kisha niende zangu. Badala yake nikamtazama usoni.

"Sitamwambia, baba. Utamwambia wewe."

Hakukasirika. Alasiri ile nikaving'oa vioo vyake nikafunga vikubwa vya gari la mizigo, na juu ya kila kimoja nikabandika kioo kidogo cha mbinuko kinachoonyesha hadi chini ya gurudumu. Kigari kikaonekana kimeota masikio. Tukafanya mazoezi mpaka jirani akauliza kama tunafungua shule ya udereva.

Jumamosi shemeji alifika na tai shingoni, mkono umetangulia.

"Baba, tumezungumza, tukaona..."

"Gari ni zima," baba mkwe akamkata. "Mbovu ni shingo yangu, tangu mwaka juzi. Nimewaficha kwa sababu nilijua mtakuja hivi mlivyokuja." Mke wangu akaziba mdomo kwa kiganja. "Sasa kaeni pale barazani mtazame. Nikigusa hata soksi moja, ufunguo huu hapa, chukueni."

Mama mkwe alikuwa ameijaza kamba yote kuanzia asubuhi. Alianika mpaka mashuka safi aliyoyatoa kabatini, kisha akakaa barazani, akakunja mikono.

Nikaenda kusimama juu getini, nyuma ya gari, nikiwa utingo wake. Mlango ukafungwa. R ikawaka.

"Njoo!" nikapaza sauti. "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Kata baba, kata! Sasa nyoosha!"

Mtaa mzima ulinisikia nikimwamuru mkwe wangu kama mtoto. Katika kile kioo kipana niliyaona macho yake yakinitazama, na mimi nikayatazama, kwa mara ya kwanza sikuyakimbia. Gari likapanda mwinuko bila kusita, likapita kati ya nguzo za geti, likasimama barabarani limenyooka. Kwenye kamba halikutikisika hata shuka moja.

Shemeji akaitazama kamba, akalitazama geti. Ule mkono wake uliotangulia tangu alipofika ukaenda kukuna shingo yake mwenyewe. Mke wangu alikuwa ameshaanza kumuuliza mama yake siku za kliniki, huku anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

Kioo cha dereva kikashuka.

"Panda," baba mkwe akaniambia.

Kwa mazoea nikashika kitasa cha mlango wa nyuma.

"Huko unakwenda kukaa na nani? Panda mbele."

Nikakaa pembeni yake, magoti yamebanana. Akafunga mkanda wake, akaingiza gia, kisha akasita na kuutazama mlango wangu.

"Ufunge vizuri," akasema. "Lisije likadhani umeshuka."

Nikaufungua tena, nikaubamiza kwa nguvu zangu zote.