Risasi Mizizini

Fundi Betri alikuwa na jibu moja tu kwa kila aliyemuuliza kuhusu karakana yake ya zamani, ile ya kando ya mkono wa bahari: kaitazame mikoko. Na kweli, jamani, mikoko ilinawiri. Miaka kumi na mitano Fundi alivunja betri kuukuu za magari pale, akatoa risasi, ile metali nzito ya ndani, ya kuyeyusha, na yale maji machafu akayamwaga nyuma topeni, leo hapa, kesho pale, ili pasinuke. Mti ukinyweshwa sumu hufa, alijiambia. Hii haikufa, basi hakuna sumu. Akastaafu na moyo mweupe pe.

Wiki hiyo dada yake mkubwa alikuwa hashikiki kwa furaha. Kikundi chake cha akina mama kilikuwa kimepata kibali cha kung'oa mikoko ile ile na kuchimba bwawa la kufugia kaa. Wapimaji walikuja, wakachuma majani, wakayakuta safi, wakaandika barua. Jembe la kwanza lingeingia Jumamosi.

Alhamisi akaja bintiye Fundi, mpimaji wa maabara, kula chakula cha mchana, na asile. Ile barua ya majani haikumwingia akilini, kwa hiyo alikuwa amekwenda mwenyewe kukata mizizi na kuchota tope, akavipima, akakuta risasi tele. Akamweleza baba yake taratibu. Mkoko haupandishi risasi nyingi juu. Huishikilia huko chini, mizizini na topeni, majani yakabaki hayana habari. Ukiung'oa na kulifukua tope, risasi inaachiwa majini, na kaa wa shangazi wangeishi humo humo. Akamuuliza kama anajua ilikotoka. Fundi akasema hakumbuki vizuri. Mtu mzima akikwambia hakumbuki vizuri, usibishane naye, mtazame mikono. Ya Fundi ilikuwa inamegamega kipande kimoja cha mkate mpaka kikawa chembechembe.

Binti alipoondoka, akimwachia baba amweleze shangazi kabla ya Jumamosi, Fundi hakupata raha tena. Alijitetea, akajishtaki, akajitetea upya. Aliona aibu, na aibu ya uzeeni mbaya, haina pa kukimbilia. Dada huyu ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yao kufariki. Hajawahi kumwomba mtu kitu. Sasa amekitaka kimoja, na chenyewe kimekaa juu ya uchafu wa mdogo wake.

Jumamosi asubuhi alimkuta dada ukingoni, jembe begani, wenzake kwa mbali bado wanavua viatu. Fundi akapiga moyo konde, akamwambia yote, tangu betri ya kwanza mpaka maneno ya binti. Alisema miti ilimdanganya, kisha akajirudi: haikumdanganya, yeye ndiye hakutaka kuuliza.

Dada alikasirika, hakuficha. Alimwita mjinga mara mbili, ya pili kwa upole kidogo. Halafu akawatupia jicho wenzake, akashusha sauti.

"Sikiliza, mdogo wangu. Nitawaambia maabara wamekataa hapa. Tutachimba pale mbele, hatua hamsini tu. Jina lako halitajwi na mtu."

Fundi alikaribia kulia kwa nafuu. Dada alikuwa anamsitiri, kama alivyomsitiri tangu utotoni, na la kufanya lilikuwa moja tu, kuitikia kwa kichwa na kurudi nyumbani kunywa chai. Akaangalia kule mbele. Akahesabu miaka.

"Pale mbele nako nilimwaga, dada."

Dada akashusha jembe. "Mpaka wapi?"

"Ngoja niwaonyeshe wote," akasema Fundi, akavua viatu, akaanza kuwaendea akina mama.