Matuta ya Sebuleni

Tangu Muhidin apande ndege kwenda Jeddah kuendesha malori, Kuluthumu alikaa chumba cha kupanga mtaa wa Kisumu Ndogo, na kila Ijumaa baada ya sala akaenda kufagia nyumba isiyokuwapo. Ilikuwa kamba na vigingi tu, alivyovichomeka mumewe kwa mkono wake kwenye kiwanja chao nje ya mji: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba chao. Mwanzoni sauti yake ilikuja kwa kaseti. Kisha kaseti zikakoma.

Jirani yake Jedida, mwanamke wa Maragoli asiyevumilia kuona ardhi imelala bure, ndiye aliyemburura siku moja hadi kiwanjani. "Masika yanabisha hodi, mama. Leta jembe."

Wakachimba vishimo pembezoni mwa kiwanja. Jedida akalowesha udongo wa kila kishimo na kuufinyanga kiganjani, apate tonge. Ukamwagika kama unga. Kuluthumu akaukamulia ndimu waliyokuja nayo kuupimia, nao ukachemka povu.

"Hii ni chokaa," alisema Jedida. "Nyinyi watu wa pwani mnalala juu ya mawe ya bahari, halafu mnaringa."

"Na nyinyi wa bara mwaja mbio kulala nasi. Chimba, shoga, usinipigie domo."

Jedida akaivuka kamba, akatia jembe sebuleni. Udongo ukatoka mweusi, wenye harufu ya samadi ya kale. Mzee Dzombo, aliyewauzia kiwanja, zamani alifuga mbuzi papo hapo. Jedida akaufinyanga: tonge likakaa imara. Kuluthumu akaukamulia ndimu: ukanyamaza.

"Ni hapa tu. Ng'oa vigingi."

Kuluthumu akasimama na ndimu yake mkononi. Kulima pale ilikuwa ni kulitamka kwa jembe neno alilowanyima hata wifi zake, kwamba Muhidin harudi.

"Na akija?"

"Akija atakuta mboga. Mwanamume gani agombane na mboga?"

Kuluthumu akacheka pasipo kupenda. Akainama, akang'oa kigingi cha kwanza. Kilikuwa kimeliwa na mchwa, kikamkatikia mkononi. Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Kufika alasiri sebule ilikuwa matuta, na jiko limetifuliwa. Jedida akajifuta jasho, akainua jembe juu ya chumba cha kulala.

"Hapo acha."

"Hapa ndipo penye rutuba kuliko kote."

"Najua."

Siku ya kupima kiwanja, Muhidin alijilaza chali papo hapo mchangani, mikono kaitandaza, aone kitanda kitaelekea wapi. Njoo ulale nawe tupime, alimwita. Mafundi walikuwa wakitazama. Kuluthumu akaona haya, akajitia kukaza ushungi wake, hakwenda.

"Hata bamia mstari mmoja?" Jedida aliuliza, sauti imepoa.

"Hata mmoja, mwanangwa," alisema Kuluthumu, akachukua karai kwenda kutafuta samadi.